Unene wa Ukuta

Mollo, Jumapili jioni

Mwanangu Skolastika,

Mmetoka wewe na mama yako kwenda kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomfahamu dada yangu, hamtarudi kabla ya kulishwa. Nimepata nafasi ya kukaa kwenye meza yangu ya kusahihishia madaftari. Habari za blanketi, sweta na mfuko wa maharage mama yako amekwisha kuzimaliza, nami sina la kuongeza. Bahasha hii nitaiweka ndani ya kitabu chako cha sala. Nimeandika juu yake kwamba uisome kabla ya kufika Mbeya. Tafadhali usiidharau amri hiyo, kwa sababu ukiisoma baada ya Mbeya itakuwa karatasi tu.

Ulipopata barua mbili za kukubaliwa vyuoni, moja ya ualimu pale Mbeya na moja ya kompyuta Dar es Salaam, uliziweka zote mbili juu ya meza hii hii ukasema, "Baba, nitakwenda ualimu, kama wewe." Nilikushika bega nikasema, "Vema." Mama yako alifuta machozi. Alidhani ameona furaha ya mzazi. Skolastika, ile ilikuwa furaha ya mtu aliyeshinda. Nilikuwa nimeshindana nawe mwaka mzima, na wewe hukujua kwamba kuna mashindano.

Nitaeleza kwa utaratibu, kama nilivyowataka wanafunzi wangu waeleze.

Tangu darasa la kwanza hukuwahi kufanya hesabu bila kuniletea nione. Hata ulipokuwa kidato cha nne, ukijua mambo ambayo mimi niliyasoma kwa shida, uliniletea daftari jioni na kusimama kando ya kiti changu, ukingoja. Nilizoea kusubiriwa huko. Kisha Bwana Asegelile, yule mfanyabiashara wa Mbeya aliyekuja biashara zilipofunguliwa, akaanza na sabuni na chumvi, akaweka kompyuta mbili kuukuu nyuma ya duka lake pale Mazwi, mjini. Ukaomba ruhusa ya kwenda kujifunza Jumamosi. Nilikuruhusu mwenyewe. Nilidhani utajifunza kupiga chapa.

Jumamosi ya tatu ulirudi ukaenda moja kwa moja jikoni. Nilikuwa nimekaa pale mlangoni, kalamu nyekundu mkononi, nikasikia unamwambia mama yako, "Mwalimu wangu amesema nina kichwa chepesi." Mwalimu wangu! Katika nyumba hii neno hilo lilikuwa na mtu mmoja tu.

Jumamosi zilizofuata nilijikuta napanda baiskeli kwenda Mazwi bila shughuli yoyote. Nilikuwa napita mbele ya duka lile polepole, na kupitia dirisha la nyuma nilikuona umeinamia kioo cha mashine. Mara moja nilikuona umekosea. Mashine ilikuandikia kosa, ukafuta, ukaandika tena, ikakuandikia kosa, ukacheka! Ulirudia labda mara ishirini. Nilisimama nikishika usukani na moyo wangu ukauma, kwa sababu mimi nilikufundisha jedwali la kuzidisha kwa fimbo, na kila ulipokosea ulilia. Chombo cha chuma kilikuambia umekosea bila kukuumiza, nawe ukakipenda. Niliionea wivu mashine, mwanangu. Mtu mzima, mwenye cheti cha daraja la kwanza, nilikionea wivu kitu kinachozimika jenereta likiisha mafuta.

Kisha ukaanza kuitunga ile programu yako ya vipimo. Kwa kuwa ulikuwa na saa moja tu ya mashine kwa juma, uliitunga kwanza kwenye daftari, mstari kwa mstari, hapa nyumbani. Huenda hukujua kwamba ulipolala nililichukua daftari lile. Nililisoma kama mwindaji. Nilitafuta kosa kwa zaidi ya mwezi. Duara: sahihi. Mstatili: sahihi. Pembetatu: sahihi, na kwa njia fupi kuliko yangu. Kosa pekee nililopata lilikuwa la Kiswahili. Uliandika "pipa" mahali ambapo ulipaswa kuandika "mcheduara". Nililipigia mstari mwekundu, nikalirudisha daftari, na siku ile nilikula kwa hamu.

Ukurasa wa mcheduara ulikuwa na mstari mmoja ambao niliupita haraka. Mashine ilipaswa kuuliza: mzingo? kimo? Halafu ikauliza: unene wa ukuta? Niliupita haraka, lakini sikuusahau. Uliniganda rohoni kama kibanzi.

Sasa nikurudishe nyuma, ulipokuwa darasa la tatu.

Unakumbuka kamba yangu ya mafundo. Enzi za ushirika hakuna aliyeihitaji. Mahindi yalipelekwa, yakapimwa, basi. Biashara zilipofunguliwa, wanunuzi walianza kuja na malori hadi mlangoni mwa mtu, nao hununua kihenge kizima cha mahindi kwa kukitazama. Ndipo kila mwenye kihenge akamtafuta Mwalimu. Nilikizungushia kamba tumboni, nikapima kimo, nikafanya hesabu yangu: mzingo mara mzingo, mara kimo, gawanya kwa kumi na mbili na nusu. Kisha niligeuza kuwa debe na kuandika jibu kwa chaki kwenye nguzo ya nyumba. Watu walilitazama lile jibu kama maandiko. Sikatai kwamba nilifurahi. Nilikuwa mtu pekee katika Mollo anayeweza kuona mahindi yaliyofichwa ndani ya udongo.

Kwa jirani yetu Oresto, ambaye kihenge chake kililingana na chetu, niliandika debe mia na hamsini. Gunia ishirini na tano. Mwaka ule mahindi yake yakaisha kabla ya maharage mapya kukomaa. Oresto alikaa akapiga hesabu ya walichokula na walichouza, akakuta gunia nne hazina maelezo. Hakumshuku panya. Alimshuku mkewe, Mama Delfina, ambaye kwao ni Kirando. Akasema mke wake anapeleka mahindi ziwani na kurudishiwa dagaa.

Wazee waliitwa. Nami niliitwa, kwa kuwa hesabu ilikuwa yangu.

Oresto alisema, "Mimi sijui kusoma sana, ndugu zangu. Lakini Mwalimu alipima. Mwalimu, ulipima au hukupima?"

Nikasema, "Nilipima."

"Debe ngapi?"

"Mia na hamsini. Na hesabu haina ukoo. Haimpendelei mume wala mke."

Nilikuwa nimeiandaa sentensi ile tangu asubuhi, na ilipokelewa vizuri. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Mama Delfina alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, akanitazama. Hakulia. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu. Wewe ulipima nje. Mimi ndiye ninayeingia ndani."

Skolastika, niliyaelewa maneno yale? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani niliyaelewa nusu, nikakataa kuelewa nusu nyingine. Nilimjibu mbele ya watu, "Mama, mcheduara si mahali pa kuingia. Ni umbo. Ungekaa shule zaidi ya darasa la nne ungelijua hilo." Wakacheka. Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa.

Kabla ya juma kuisha Mama Delfina alifunga vitu vyake, akampandisha mtoto nyuma ya baiskeli ya kaka yake, akateremka kwao ziwani. Delfina alikuwa mwenzako wa dawati. Ulirudi nyumbani ukaniuliza, "Baba, kwa nini Delfina hayupo?" Nikakuambia mama yake alikosea hesabu.

Angalia jinsi tulivyoishi. Kihenge kwetu, mwanamume hukijenga na mwanamume hukipima, naye hufanya yote hayo akiwa nje. Anayeinua paa la nyasi na kuingia ndani kuchota ni mwanamke, na yakipungua hadi chini huingizwa mtoto. Wewe uliingizwa tangu ukiwa na miaka mitano. Nilikuwa nakusikia ukiimba humo ndani, sauti yako ikivuma kama umo kwenye mtungi. Ulijua ukuta ule una unene gani kwa sababu uliushika kwa viganja ukipanda kutoka. Mimi katika umri wangu wote sikuwahi kuingia. Miaka yote ile niliuhesabu ukuta, fito na udongo na samadi, kwamba ni mahindi.

Nirudi Mazwi. Ilikuwa Jumamosi ile uliyotualika. Ulikuja mwenyewe kwa wazee ukapiga magoti: "Shikamooni. Naomba mje mwone kazi yangu." Tulikwenda watu wanne kwa baiskeli, mimi na Oresto na wazee wawili wa kikundi cha wakulima. Ulikuwa umevaa gauni lako la kipaimara, ulilolitoa pindo ili lirefuke. Bwana Asegelile alitupa viti na soda. Ukasema utapima kihenge chetu sisi wenyewe, ili usimwaibishe mtu.

Mashine iliuliza umbo. Nikaona umeandika "mcheduara". Ulikuwa umelisahihisha. Ulinigeukia kidogo ukatabasamu, ukitaka nione. Nilijifanya kutazama soda.

Mzingo: mita tano. Kimo: moja na nusu. Kisha ule mstari ukatokea kwenye kioo, na Oresto akausoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto: "U-ne-ne wa u-ku-ta." Ukapiga sentimeta sita. Jibu likaja: debe mia na ishirini na saba, na nusu, na kitu kidogo.

Wote wakanitazama. Nguzo ya nyumba yetu ilikuwa na chaki yangu ya mwaka jana: mia na hamsini. Kila mmoja aliijua.

Sikuhitaji kufikiri. Nilijua papo hapo, kama mtu anavyojua kwamba amekanyaga mahali pasipo na sakafu. Nilimwona Mama Delfina kwenye mkeka wake. Na kwa sababu nilijua, nilicheka. Nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Ukuta hauliwi, Skolastika! Nani aliyekutuma kupima ukuta? Mnunuzi hununua udongo?"

Wazee wakacheka. Oresto ndiye aliyecheka zaidi, naye nilimwelewa. Kama jibu lako lilikuwa sahihi, alikuwa amemfukuza mke wake bure. Akasema, "Mwalimu, mashine ya binti yako imeshiba kabla ya mahindi kuisha!"

"Mshikaji wangu Skola," akasema Bwana Asegelile taratibu, "waeleze kwa nini."

Ukaanza, "Baba, mahindi yako ndani, sasa kamba ikizunguka nje..." Nikakukatiza. Bwana Asegelile akanigeukia. "Mwalimu, kwa heshima yako, mtoto amekosea wapi?"

Nikasema, "Amekosea kuacha kumsikiliza baba yake." Hapo hakuna aliyecheka.

Ukainama ukazima mashine. Njia nzima hadi Mollo ulikaa nyuma ya baiskeli yangu bila kunishika kiuno kama ulivyozoea; ulishika chuma cha kiti. Upepo ulikuwa mkali siku ile, nami nilikanyaga kwa nguvu, nikijiambia kwamba machozi ni ya vumbi. Baada ya hapo hukurudi Mazwi. Daftari uliliweka chini ya debe la chumvi. Ndipo barua za vyuo zikaja, ukachagua ualimu, nami nikasema, "Vema."

Sasa nikuambie habari ya mavuno. Ulishangaa mwaka huu kuniona napanda ngazi ya kihenge na kumimina kila debe kwa mkono wangu. Ulimnong'oneza mama yako, "Baba siku hizi hatuamini," nami nilisikia. Nilikuwa nahesabu. Kwa kila debe nilitia punje moja mfukoni mwa koti. Kihenge kilipojaa hadi kwenye alama uliyoipima wewe, nilijifungia chumbani nikazimwaga punje juu ya kitanda. Nilizihesabu mara tatu, kumi kumi. Mia na ishirini na sita.

Programu yako ilikosea kwa debe moja na nusu. Mimi nilikosea kwa debe ishirini na nne. Gunia nne kamili, Skolastika. Zile zile gunia nne.

Nilizitazama punje zile, na unajua wazo langu la kwanza lilikuwa nini? Halikuwa Mama Delfina, wala wewe. Nilifikiri: imekosea, hata yenyewe imekosea, debe moja na nusu! Nikafurahi kwa muda wa pumzi mbili. Nakuandikia hili ili ujue wivu ulivyo. Hauondoki kwa kuonyeshwa ukweli. Unaugeuza ukweli upande upande, ukitafuta mahali pa kuuma.

Kuna jambo jingine ambalo hata mama yako halijui. Yeye husema kwamba nilipokuwa kijana niliomba kusomea upimaji wa ardhi Dar es Salaam nikakosa nafasi. Sikukosa. Nilichaguliwa. Nilipanda lori hapa, na barua ikiwa katika soksi ili isipotee. Ndani ya lori walikuwamo vijana wawili wa mjini waliokuwa wakienda chuo kile kile. Walikuwa wakizungumza juu ya vyombo vya kupimia ambavyo sikuwahi kuvisikia. Nilikuwa wa kwanza katika kila darasa nililokaa, na njia nzima, Laela hadi Tunduma, niliwasikiliza nikajua kwamba huko nitakuwa wa mwisho. Tulipofika Mbeya nilishusha sanduku langu. Niliwaambia nina ndugu pale. Sikuwa na ndugu. Nilitembea hadi chuo cha ualimu, nikaomba kupokewa, nikapokewa, na huko nikawa wa kwanza tena. Nikarudi Mollo kuwa wa kwanza kwa miaka thelathini, mahali ambapo hapakuwa na wa pili.

Usinielewe vibaya. Sidharau ualimu, umekulisha. Lakini wewe hukuuchagua. Ulinichagulia mimi, ili niache kukukasirikia. Nami nilikubali zawadi ile kama mtu anayepokea kilicho chake.

Jana nilikwenda Mazwi. Nilimkuta Bwana Asegelile anafagia mbele ya duka. Akasema, "Karibu, Mwalimu. Umekuja kunisahihisha?"

"Nimekuja kuomba," nikasema.

Aliweka ufagio chini. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, ingawa alinipa kiti mara mbili. Hakunicheka, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko kama angecheka. Amekuandikia barua kwa dada yake aliyeko Dar es Salaam. Dada huyo atakupokea kituoni na utakaa kwake hadi chuo kikupe chumba. Barua hiyo imo humu, pamoja na ile ya kukubaliwa chuo cha kompyuta, na nauli ya gari la pili, la kutoka Mbeya. Nilipoaga alisema, "Mwalimu, yule ni mwanafunzi wako. Mimi nilimpa mashine tu." Nilipanda baiskeli haraka. Hata wema wake niliuonea wivu.

Leo baada ya misa nilimwendea Oresto. Nilimwambia, "Ndugu yangu, mkeo hakuchukua kitu. Nilihesabu ukuta wako kuwa mahindi." Alichora ardhini kwa fimbo. Kisha akasema, "Siku ile mashine ya mtoto ilipotoa jibu, ulijua?"

"Nilijua."

"Nami nilijua," akasema. "Tukacheka wote wawili." Akaingia ndani akafunga mlango.

Juma hili nitateremka Kirando. Sijui kama Mama Delfina atanipa kigoda au atanimwagia maji ya dagaa. Vyovyote atakavyofanya, nitasimama pale hadi nimalize sentensi yangu, na safari hii sikuiandaa. Chaki ya kwenye nguzo nimekwisha kuifuta. Nimeandika jibu lako, na chini yake jina lako.

Daftari lako nimelitoa chini ya debe la chumvi. Limo ndani ya sanduku, chini ya sweta. Utaona nimelipatia alama, kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa sina nyingine. Kando yake kuna kitambaa kilichofungwa fundo. Zimo punje mia na ishirini na sita. Lile debe moja na nusu lililopungua sijui lilikwenda wapi. Labda sakafu, labda tumbo la kihenge si duara kamili. Itafute. Mimi nimefika mwisho wa kamba yangu.

Sikuahidi kwamba wivu umekwisha. Ukiniandikia kwamba kuna mwalimu mwingine huko anayekusifu, itaniuma, nami nitajibu barua yako kwa ukali na kusahihisha vituo vyako. Endelea kuniandikia.

Kesho gari litasimama Mbeya. Utingo ataita majina ya wanaoshuka, na lako atakuwa nalo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuandikisha. Utasikia watu wanashusha mizigo, utaona ni rahisi kusimama, na utafikiri juu yangu. Kaa kwenye kiti, Skolastika. Shika sanduku lako kwa mikono miwili ukae, hadi wa Mbeya wote washuke, kisha uliza gari la Dar es Salaam linaondokea wapi.

Mimi nilishuka.

Baba yako.